Pete ya Shaba ya Mashine Namba Saba

Hjulsta, Jumapili, tarehe 5 Mei 2013

Mzee Salongo,

Leo nimefungua dirisha la jikoni kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Lile rundo la theluji chafu ambalo trekta lililisukumia kando ya maegesho limeyeyuka lote, na chini yake zimeonekana glovu mbili za watoto na baiskeli moja. Nilijiambia nitakuandikia rundo hilo likiisha. Limeisha, sina kisingizio tena.

Naanza na habari ambayo ungeitaka kwanza, maana hukupenda salamu ndefu kabla ya kazi. Gesi imepatikana. Korea Kaskazini walilipua bomu tena mwezi wa pili, chini ya ardhi, kwa mara ya tatu sasa. Mtetemo ulisikika kwenye vituo vya dunia nzima siku hiyohiyo, na wenyewe wakatangaza kwa fahari. Lakini gesi, ile inayothibitisha kwamba ni nyuklia na si baruti tu, haikuonekana. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Halafu mwezi wa nne, siku hamsini na tano baada ya mlipuko, mashine ya aina yetu iliyoko Japani ikainusa. Ulikuwa ukisema gesi hiyo ni mgeni wa wiki mbili tatu, usipomwona kwa muda huo ameshaondoka. Safari hii mgeni alifungiwa mlimani karibu miezi miwili, ndipo akapata upenyo.

Kama ungekuwepo ungevua miwani, ukaifuta kwa ncha ya shati, ukasema, "Eeh. Kumbe alikuwa ndani."

Lakini sikukaa mezani hapa kwa ajili ya habari hiyo peke yake. Nina jambo la mashine namba saba. Ulinipa nafasi ya kulisema, ukiwa hospitalini, nikakujibu kwamba sina neno. Nilikuwa nalo. Leo nalisema lote, kuanzia mwanzo, kwa sababu mkeo Nalongo ameniomba nakala ya barua hii, na yeye hajui.

Nilikuja kwenye karakana yenu Södertälje mwaka 2005, nikiwa na karatasi ya praktik, mafunzo ya kazini, ya miezi mitatu kutoka ofisi ya ajira. Kiswidi changu kilikuwa cha darasani, cha kununua maziwa na kuuliza njia. Ulikuwa umeinama chini ya meza ukitafuta bolti iliyoanguka. Ukaniuliza kwa Kiswahili, bila kuinuka, nimetoka wapi. Nikasema Burundi. Ukasema Kiswahili hicho si cha Burundi. Nikasema nimekulia kambini, Kasulu, mkoa wa Kigoma. "Basi wewe ni Binti Kigoma," ukasema, "shika tochi hii."

Tangu siku hiyo hukuniita Espérance hata mara moja. Nami sikuwahi kukuita jina lako. Ulisema mtu aliyejaliwa mapacha hana haja ya jina lingine, yeye ni Salongo na mkewe ni Nalongo, imekwisha. Wasweden wa kazini walidhani ndilo jina la ukoo. Waliliandika hata kwenye mlango wa kabati lako la nguo, na bado lipo, hakuna aliyelibandua.

Uliniuliza kama nimewahi kushika spana. Nikakuambia baba yangu alitunza mashine ya kusaga ya kambi, injini ya dizeli, na mimi nilikuwa mtoto wake mkubwa, kwa hiyo namba za spana nilizijua kabla sijajua kusoma vizuri. Ulicheka ukamwita Gunnar, mkuu wa karakana, ukamwambia kwa Kiswidi chako cha Masaka kwamba huyu hataondoka baada ya miezi mitatu. Na kweli sikuondoka.

Nakumbuka zaidi ile treni ya asubuhi. Wewe ulitoka Fisksätra kwa treni ndogo ya Saltsjöbanan, mimi Hjulsta, mwisho wa njia ya bluu ya metro, ncha mbili za mji, tukakutana Stesheni Kuu kwenye treni ya Södertälje. Behewa la pili. Ukiwahi wewe, kofia yako ya sufu ilikuwa juu ya kiti cha pembeni yako, na aliyetaka kukaa pale ulimtazama tu. Ndani ya treni hiyo ndimo ulimonieleza kazi yetu ni ya nini, kwa sababu kiwandani mimi niliona mabomba na bolti tu.

Ulinieleza kwa mfano wa jirani. Ulisema kuna jirani anapika amefunga mlango na mapazia. Ukimgongea hafungui. Ukimuuliza anapika nini anakuambia hayakuhusu. Lakini harufu hupita chini ya mlango. Bomu likilipuliwa ndani ya mlima huacha gesi iitwayo zenoni, isiyo na rangi, isiyoshikana na kitu chochote, na hiyo hujipenyeza kwenye nyufa za miamba ikapeperushwa na upepo. Mashine yetu huvuta hewa mchana na usiku na kuichuja mpaka ibaki ile gesi peke yake, kidogo kabisa, kisha huipima. "Kwa hiyo sisi tunatengeneza pua," ulisema. Mama mmoja wa Kiswidi mbele yetu aligeuka akakutazama kwa sababu ulikuwa umeshika pua yako kunionyesha.

Mwaka 2006 Korea Kaskazini walipolipua bomu la kwanza, siku chache baadaye mashine ya kubebeka ilipakiwa kwenye ndege ikapelekwa Korea Kusini, karibu na mpaka. Gesi ikapatikana. Siku hiyo ulileta mandazi ya Nalongo kwenye fika, ile kahawa ya saa tatu, na Wasweden wakayala yote wakiyaita bullar za Uganda, kama vile vimkate vyao vitamu. Gunnar alisema, "Sisi Wasweden tuna ubalozi kule Kaskazini, tunabeba barua za wengine, na tunanusa hewa. Hatuna kingine." Ukamjibu kwamba barua na pua si kidogo, kuna nchi zimeangushwa kwa barua.

Nchi iliyofungwa ulikuwa unaijua. Ulitoka Uganda ukiwa kijana wa gereji, wakati ambapo mtu aliweza kutiwa na watu wa serikali kwenye buti la gari saa sita mchana sokoni na hakuna aliyeinua macho. Ulisema kitu kilichokuuma zaidi si kwamba walifanya, bali kwamba huko nje watu waliambiwa ni uvumi. "Mimi nilikuwa nahitaji mashine ya kunusa buti za magari," uliniambia, ukageukia dirishani.

Sasa nifike kwenye pete.

Mahali mabomba mawili ya mashine yanapokutana pana flenji, na katikati ya flenji hukaa gasketi ya shaba, duara jembamba jekundu, ambalo sisi wawili tuliliita pete. Ukikaza bolti, chuma hung'ata shaba pande zote mbili, hewa haipiti. Sheria ya karakana ilikuwa moja, na uliitamka siku yangu ya kwanza na kila mwezi baada ya hapo: pete iliyong'atwa mara moja haitumiki tena. Ukifungua flenji, hata kama ulikosea tu dakika moja iliyopita, unaitupa na kuweka mpya.

Sheria hiyo ilinisumbua, Salongo. Wewe ulijua kwa nini, maana ulikuwa fundi wa gereji. Kwetu shaba haitupwi. Baba yangu alikuwa na washa nne, vipete vya shaba vya nozeli ya injini, nne tu, na kwa miaka yote ile kambini aliziweka kwenye mkaa mpaka ziwe nyekundu, akazidumbukiza ndani ya maji, zikatoka laini kama mpya. Watu elfu kadhaa walikula ugali kwa sababu ya washa zile nne. Nikuone wewe unatupa pete nzima kwenye debe la vyuma chakavu! Nilikuwa naziokota. Niliziweka kwenye chupa ya jemu chini ya meza yangu, nikazisugua, wanawake wa kanisa wakazivaa kama hereni. Uliiona chupa hiyo. Uliuliza tu, "Bi harusi ni nani?" ukapita.

Ilikuwa Ijumaa, Februari 2009. Ulikuwa umekwenda kupigwa picha za kifua, mara ya kwanza. Namba saba ilikuwa imekamilika isipokuwa flenji moja, ya nne, niliyoifungua kwa sababu bolti ilikaza vibaya. Nikaenda kwenye sanduku la pete za saizi ile. Tupu. Mpya zingefika Jumatatu mchana, na lori lilikuwa linakuja Jumatatu saa moja asubuhi. Gunnar alikuwa Göteborg. Ningeweza kumpigia simu. Ningeweza kukupigia wewe. Nilifikiri, nitamsumbua Mzee akiwa amevuliwa shati mbele ya daktari kwa ajili ya pete?

Nikachukua moja kutoka kwenye chupa. Nikaichoma kwa tochi ya gesi mpaka ikawa nyekundu, nikaitumbukiza kwenye ndoo, nikaisafisha, nikaifunga. Nikapima kwa gesi ya heliamu, haikuvuja. Nikaona kwamba baba alikuwa sahihi na karakana nzima ya Wasweden ilikuwa ikipoteza shaba bure. Kisha nikajaza fomu. Kwenye mstari wa flenji ya nne, palipoandikwa gasketi, niliandika: mpya.

Neno moja tu. Niliandika bila kusita, na hilo nalo limenisumbua.

Jumatatu sanduku la mashine likaenda, mashariki ya mbali. Mwezi wa nne Korea Kaskazini wakawafukuza wakaguzi wa nyuklia. Tarehe 25 Mei wakalipua la pili, kubwa kuliko lile la 2006. Sisi tukangoja. Unakumbuka jinsi tulivyongoja. Kila fika Gunnar aliingia, sote tukamtazama mdomoni, akatikisa kichwa. Mashine zote za upande ule zilivuta hewa na hazikupata kitu. Mtetemo upo, gesi hakuna.

Watu wengine walisema mlima umeziba vizuri. Wewe ulisema hivyohivyo. Mimi nilijua kitu kingine. Nilijua ulichonifundisha mwenyewe, kwamba shaba iliyong'atwa ina kovu, inaweza kushika leo ikaachia baada ya miezi, mashine ikishapata joto na baridi mara nyingi. Namba saba ilikuwa na miezi mitatu. Kama gesi ilipita pale ikavujia kwenye pete yangu, basi ushahidi ulipotea mikononi mwangu, na wale jamaa wangeweza kusema lolote.

Kanisani, Tensta, watu walinijua kama mwanamke wa mashine za bomu. Walinizunguka baada ya ibada. Papa Floribert, yule Mkongo mwenye suti ya kijivu, akasema kwa sauti, "Uranium ya bombe ya kwanza ilitoka kwetu Katanga. Leo wakubwa wanazo maelfu, na wanamfuata mtoto mmoja maskini. Wao nani anawanusa?" Watu wakacheka. Ulikuwa umekuja siku hiyo na Nalongo, ukamjibu, "Papa, pua haichagui. Akilipua mkubwa, tutamnusa mkubwa." Akasema, "Na mkiwa na mafua?" Kicheko kikazidi. Mimi nilikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu mwaka ule wote. Ulipungua uzito, nikafikiri nikikuambia nitakuongezea mzigo. Ni uongo mtamu sana huo, mtu akijiambia ananyamaza kwa ajili ya mwingine.

Ile siku hospitalini, Februari tena, mwaka mmoja baadaye, Nalongo alikuwa ameshuka kununua chai. Ulinishika kidole kimoja, si mkono, kidole. Ukasema, "Binti Kigoma, kama una neno, mimi bado nipo." Nikasema, "Sina neno, Salongo." Ukanitazama. Hukuonyesha kukasirika. Ukasema, "Haya. Litapanda treni inayofuata." Nilidhani dawa zilikuwa zinakuchanganya.

Siku tisa baadaye uliondoka. Ardhi ilikuwa imeganda, ilibidi waipashe moto kwanza ndipo wakachimba. Nalongo alisema hata kaburini umeingia baada ya kupima joto, kama mashine zako.

Nikarithi meza yako. Nikarithi na kiti cha dirishani, ingawa hakuna anayeniwekea kofia. Chupa ya jemu nilikuwa nimeshaitupa. Miaka mitatu nilifanya kazi vizuri, nasema hivyo bila kujisifu, hakuna flenji yangu iliyorudishwa. Na kila mwaka nilijiambia kwamba namba saba ni ya zamani, imeshapitiwa, imekwisha.

Kisha ikaja Februari ya mwaka huu na mlipuko wa tatu. Mataifa yakakutana, vikwazo vikaongezwa juu ya vikwazo, na gesi hakuna. Mwezi wa tatu Gunnar akatuita. Alisema watafiti hawaelewi, mara mbili mfululizo, bomu lipo na pua hazisikii. Wanataka kuhakikisha mashine za miaka ile hazivuji. Watatuma mafundi kuzifungua moja baada ya nyingine, kuanzia zile za mbali.

Nilimwona akilini kijana fulani wa watu akiwa ameacha wanawe, amekaa kwenye kontena la baridi ng'ambo ya dunia, akifungua flenji hamsini kutafuta kitu ambacho mimi nakijua kilipo. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nilimfuata Gunnar ofisini nikafunga mlango. Nikamwambia yote kwa Kiswidi, nikasimama katikati mara moja kwa sababu sikulijua neno la kudumbukiza shaba kwenye maji, nikaonyesha kwa mikono. Nikamwambia, ni flenji ya nne, namba saba, na kwenye fomu nilidanganya. Nilikuwa nimeweka funguo za karakana mfukoni tayari kumpa.

Alisimama akaenda kwenye kabati la majalada, akalitoa lile la namba saba, akafungua. Akasoma. Akarudi ukurasa mmoja nyuma akasoma tena. Kisha akaligeuza jalada likanielekea.

Fomu yangu ya Ijumaa ilikuwa pale, na neno langu moja. Nyuma yake palikuwa na fomu ya Jumamosi, kwa mwandiko wako wa herufi kubwa. Flenji ya nne imefunguliwa. Gasketi mpya imewekwa, imeazimwa karakana ya Kista. Imepimwa kwa heliamu, haivuji. Na kwenye mstari wa sababu uliandika: Sanduku la gasketi lilikuwa tupu. Mwenye kuagiza gasketi ni mimi.

Chini yake, ndani ya mfuko mdogo wa plastiki uliobanwa kwa pini kama kinavyowekwa kila kipuri kinachoondolewa, ilikuwa pete yangu. Niliijua mara moja. Ina makovu mawili, moja pembeni ya jingine, na rangi ile ya waridi ambayo shaba huipata ikitoka kwenye maji.

Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Nimefikiri sana jinsi ulivyojua. Nadhani ni ndoo. Nilisafisha meza, nikaficha chupa, lakini sikumwaga maji, na shaba iliyochomwa huacha magamba meusi chini ya ndoo. Msweden angeona maji machafu. Mtu wa gereji aliona kila kitu. Nalongo amenieleza mengine bila kujua anaeleza nini. Anasema Jumamosi ile, siku moja baada ya zile picha za kifua, ulitoka Fisksätra asubuhi katika baridi kali kwenda kuangalia sanduku la namba saba kwa sababu hukuwepo Ijumaa, na ukarudi jioni umechelewa chakula. Alikuuliza ulikuwa wapi siku nzima na kikohozi kile. Ulimwambia, "Nilikuwa napeleka pete kwa bi harusi." Alidhani ni utani wako wa kawaida. Amenihadithia huku akicheka, na mimi nikacheka naye, kisha nikamwambia nitakuandikia, naye akaomba nakala.

Kwa hiyo Nalongo, ukisoma hapa, yule bi harusi ni mimi. Alizunguka na pete mfukoni kutoka Kista mpaka Södertälje kwa ajili yangu, akiwa mgonjwa. Nisamehe.

Salongo, mwaka mzima ulijua. Ile Mei tulipongoja gesi, wewe ulikuwa ukingoja na moyo mweupe, kwa sababu ulijua namba saba ni salama. Ungeweza kuniambia ukanitua mzigo kwa sentensi moja. Hukuniambia. Mwanzoni niliumia kwa hilo, nakiri. Nilikasirika kwenye treni, peke yangu, mpaka nikapitiliza kituo. Lakini naona sasa. Pete uliweza kuibadilisha wewe. Lile neno kwenye fomu lilikuwa langu, na uliliacha mahali pake mpaka mwenyewe nilifuate. Ulinikumbusha mara moja, kwa kidole. Hukunisukuma.

Gunnar alinipa onyo la maandishi, na nililistahili. Alisema angenifukuza kama angelijua mwaka 2009. Kisha akaniomba nimwache amalize kusoma jalada, na alipomaliza akatoka nje, na niliona kupitia kioo amesimama kwenye maegesho bila koti. Aliwaandikia watafiti kwamba namba saba waivuke, haina kasoro. Wiki chache baadaye gesi ikapatikana Japani. Haikuwa namba saba. Haikuwa hata mashine niliyoigusa. Sijali. Nilipoisikia habari hiyo kwenye fika niliweza kushangilia pamoja na wengine kwa mara ya kwanza, na mandazi safari hii nilileta mimi. Si mazuri kama ya Nalongo. Wamekula.

Papa Floribert alinisimamisha Jumapili iliyopita. "Alors, mafua yamepona?" Nikamwambia pua ilikuwa nzima, mlima ndio uliokuwa umebana. Akasema, "Na sasa mtawafanya nini?" Nilimwambia kazi yetu si kuwafanya kitu. Kazi yetu ni mtu asiweze kulipua halafu tukaambiwa ni uvumi. Akanipa mkono. Unamjua, kumridhisha si jambo dogo.

Nyumbani kwako wazima. Babirye na Nakato wanamaliza shule mwezi ujao, watavaa zile kofia nyeupe za wahitimu. Nalongo bado anawasemesha Kiganda, bado wanamjibu Kiswidi, na mimi nikiingia wote watatu wanahamia Kiswahili kibovu cha kunikaribisha. Mlima wa kofia zako za sufu Nalongo ameugawa. Moja ninayo mimi.

Kuanzia sasa, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nafungua masanduku yote ya pete na kuhesabu kwa mkono, kwa sababu mwenye kuagiza ni mimi. Na atakayefanya kazi chini yangu akakosea, nitamwachia mlango wazi kama ulivyoniachia. Ila nitauliza mara mbili. Wewe uliuliza mara moja tu, Mzee, na mimi ni mgumu wa kusikia.

Treni inayofuata imefika. Imechelewa miaka mitatu, lakini neno limo. Nilikukosea, na ninakushukuru.

Kapumzike salama, mwalimu wangu. Na kama umepata kiti cha dirishani huko uliko, weka kofia kwenye kile cha pembeni, unikumbuke.

Ni mimi,
Espérance, Binti Kigoma wako